Hita ya resonansi yenye asilimia 159: uchambuzi wa kisa kimoja

Fundi alikuwa ameunda hita ya kuchemshia maji aliyoamini inatoa joto zaidi ya umeme inaoutumia, na hesabu yake ilikuwa safi kwenye karatasi. Lita moja na nusu ya maji imepanda kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 94 kwa dakika 5. Umeme ni volti 230, na klampu mita, kipimo cha mkondo kinachofungwa kuzunguka waya, inasoma ampia 4. Ukizidisha unapata wati 920, na kwa sekunde 300 hizo ni kilojuli 276 zilizoingia. Upande wa pili, kilo moja ya maji hutaka kama kilojuli 4.186 ili ipande nyuzi moja, kwa hiyo maji yake yalipokea kilojuli 439 na kidogo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Asilimia 159.

"Mwalimu, nionyeshe nilipokosea," aliniambia, na ilikuwa changamoto ya mtu anayejiamini. Hakuna alipokosea kuzidisha wala kugawanya. Maji yalipimwa kwa mizani, kipimajoto kilikuwa kizima, na saa haidanganyi. Namba moja tu kwenye ile karatasi haikuwa na haki ya kuwepo pale, na kisa chote kinaizunguka.

Kifaa chenyewe ni rahisi kiasi cha kukushangaza. Vikombe viwili vya chuma cha pua vyenye umbo la nusu tufe, kimoja ndani ya kingine, vimeshikwa na skrubu ya nailoni ili visigusane. Kikombe cha nje kina upana wa sentimita 8 na nusu hivi, na pengo kati yake na cha ndani ni sentimita moja. Cha nje kimetobolewa matundu ili maji yazunguke. Waya wa laini, ule unaoleta umeme, unakwenda kwenye kimoja, nyutro, ule wa kurudishia, kwenye kingine, kisha vyote vinazamishwa majini. Hakuna koili wala kihami kati ya umeme na maji. Ukiwasha, kinavuma kwa sauti nzito inayosikika hadi chumba cha pili, na kabla dakika haijaisha mapovu yanaanza kupanda.

Wazo si lake. Lilivuma duniani kupitia Peter Davey, mpiga saksafoni wa Christchurch huko New Zealand, aliyeshikilia kwamba vikombe viwili vikitengenezwa kwa ukubwa sahihi na kulinganishwa na mapigo ya umeme wa nyumbani, sauti inayozaliwa ndani yake huchemsha maji kwa umeme kidogo kuliko hita ya kawaida. Mpiga ala kufikiri hivyo si ajabu. Kila kitu chenye umbo kina kasi yake ya kutetemeka, na ukikisukuma kwa kasi hiyohiyo mtetemo unakua kama wa bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hiyo ndiyo resonansi, na ni jambo la kweli kabisa. Swali ni kama ipo ndani ya vikombe hivi, na hata ikiwepo, kama inaweza kuzaa joto ambalo umeme haukulileta.

Kabla ya kupima chochote nilimwomba azime, na sababu ni hii. Alikuwa akikitumia ndani ya sufuria ya alumini juu ya meza. Nilikuwa nimegusa ukingo wa sufuria kwa testa ya umeme, taa yake ikawaka. Alikuwa na uhakika kwamba kikombe cha nje kimeungwa kwenye nyutro, na kwenye kifaa chake ndivyo ilivyokuwa. Ila soketi ya waya wa kurefushia aliokuwa akiutumia ilikuwa imefungwa kinyume, laini mahali pa nyutro. Kwa hiyo kikombe cha nje, maji yote na sufuria yote vilikuwa na umeme, na yeye alikuwa akikoroga kwa kijiko cha chuma. Hita ya kawaida ya kuzamisha ina waya wake ndani ya bomba, umezungukwa na unga usiopitisha umeme, na bomba limeungwa na ethi, waya unaokwenda ardhini. Hapa maji yenyewe ndiyo waya. Mtu yeyote anayekaribia kifaa cha namna hii aanze na chombo cha plastiki chenye kifuniko, swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ethi kwa miliampia 30, na mazoea ya kuchomoa plagi kabla mkono au kipimajoto havijaingia majini. Hata hivyo swichi hiyo haimlindi anayeshika laini kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, maana kwayo mtu huyo ni mzigo kama mizigo mingine.

Kipimajoto chenye ncha ya chuma nacho kina tatizo lake. Kikiwa ndani ya maji yenye umeme kinaweza kuruka na kukuonyesha chochote. Tuliafikiana: zima, chomoa, koroga kwa mti, subiri kidogo, ndipo usome.

Basi turudi kwenye ile karatasi.

Ampia 4 aliisoma mwanzoni. Alifunga klampu, akawasha, akaandika namba, akaiondoa. Hakuirudia, kwa sababu kwenye hita ya koili hakuna haja ya kurudia: upinzani wa ule waya haubadiliki sana ukipata moto, na ulichosoma dakika ya kwanza ndicho utakachosoma ya mwisho. Maji hayana tabia hiyo. Umeme ndani yake hubebwa na chembe za chumvi na madini yaliyoyeyuka, na maji yakipata moto yanakuwa mepesi kutiririka, chembe hizo zinasogea kwa urahisi zaidi. Kwa maji ya bomba uwezo wa kupitisha umeme huongezeka kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Mpandisho wa nyuzi 70 si mchezo: ampia 4 za mwanzo zinapaswa kuwa zaidi ya ampia 9 mwishoni.

Safari hii klampu tuliiacha mahali pake. Namba ilianza 4.0, ikawa inapanda polepole bila kusita, ikapita 5, ikapita 7, na tulipozima ilikuwa 9 na nusu. Fundi aliitazama mita, akaitazama tena, halafu akasema jambo ambalo nadhani kila aliyejenga kifaa hiki hulisema: "Unaona? Ndiyo inaingia kwenye resonansi." Mkondo unapanda, sauti inakolea, mapovu yanazidi, vyote kwa pamoja. Kwa anayesubiri kifaa "kikubali", hiyo ndiyo picha yake hasa. Lakini ni picha ileile ya maji yanayopata moto na kupitisha umeme zaidi, ambao unayapasha zaidi, nayo yanapitisha zaidi tena.

Ukiifanyia hesabu hali hiyo, ukianzia wati 920 na nguvu ikikua kwa asilimia 2 kila nyuzi moja, lita moja na nusu inafika nyuzi 94 kwa sekunde 299 kama hakuna joto linalopotea. Yeye alipata dakika 5. Kwa maneno mengine, karatasi yake ilikuwa ushahidi mzuri wa fizikia ya kawaida, ila safu ya nguvu ilijazwa namba ya sekunde ya kwanza ikahesabiwa kana kwamba ni ya muda wote.

Ili tusibishane juu ya hesabu, tuliweka mita inayojumlisha nishati, aina ile inayohesabu uniti. Maji yaleyale kwa uzito, chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichovishwa sponji, mwanzo nyuzi 24, mwisho nyuzi 94. Mita ilisoma uniti 0.129. Uniti moja ni kilojuli 3,600, kwa hiyo ziliingia kilojuli 464. Yaliyoingia kwenye maji ni 439. Tofauti ya 25 haikupotea hewani bila maelezo. Mizani ilionyesha maji yamepungua gramu 5, na kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke hula kama kilojuli 2.26, hiyo ni 11. Vikombe vyenyewe, chuma cha gramu 200 hivi, vilichukua kama 7. Chombo na sponji vilichukua kilichobaki. Asilimia 159 ikawa karibu 95.

Baadaye tuliweka hita ya koili ya wati 1,000 kwenye chombo kilekile, na hapa ndipo fundi alipokaa kimya kwa mara ya kwanza. Ilitumia uniti 0.131, yaani sawasawa kwa kipimo chochote cha maana, ila ilichukua dakika 7 na zaidi. Tangu mwanzo alikuwa na hoja moja iliyomshika: kifaa chake chenye wati 920 kinaishinda kwa mbali hita ya wati 1,000. Kilichokuwa kinashinda kilikuwa kifaa chenye wastani wa wati 1,550. Kuwahi kuchemsha na kutumia umeme kidogo ni mambo mawili, na klampu iliyosomwa mara moja huyachanganya.

Mapovu ya mapema nayo yana maelezo yake. Kati ya vikombe viwili vya ukubwa huo mna maji kama mililita 90 tu. Umeme wote unapita humo. Wati mia tisa na ushee kwenye mililita 90 zinatosha kuzifikisha karibu na kuchemka ndani ya nusu dakika kama hazizunguki haraka, wakati lita nzima iliyo pembeni bado ni ya baridi. Ongeza hewa iliyoyeyuka majini, ambayo hutoka maji yakipata moto, na gesi kidogo inayotengenezwa na umeme kwenye uso wa chuma. Mtu anaona mvuke kabla ya dakika, anaambiwa maji yamechemka kabla ya dakika. Chovya mkono (umeshachomoa plagi) utaona ni vuguvugu.

Hadi hapo mtetezi wa resonansi anaweza kusema: sawa, kipimo kilikuwa kibaya, lakini vikombe vyako havikulinganishwa vizuri. Hoja hii ndiyo inayoviweka hai vifaa vya namna hii, maana haina mwisho. Daima kuna mlingano ambao hujaupata. Ila resonansi ina alama yake. Ukisogeza kitu kuelekea mlingano, athari inapanda, inafika kilele, na ukipitiliza inashuka. Pasipo kilele hakuna resonansi. Kwa hiyo tuliisogeza ile skrubu ya nailoni kidogokidogo, pengo likatoka milimita 14 hadi milimita 4, kila mara kwa maji mapya yenye joto lilelile, tukasoma mkondo wa sekunde za mwanzo. Pengo likipungua mkondo unaongezeka, basi. Njia nzima ni mteremko mmoja laini, kama unavyotegemea upinzani wa tabaka la maji linalozidi kuwa jembamba. Fundi alikuwa akitafuta "mlio mzuri" kwa kukaza skrubu, na kila akikaza, maji yalichemka haraka zaidi. Alikuwa akiongeza nguvu ya hita bila kujua.

Tulijaribu pia kubadilisha frikwensi yenyewe, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, kwa jenereta inayoshikilia volti huku mwendo wa injini ukishushwa na kupandishwa kati ya hezi 47 na 53. Mkondo haukujali.

Namba zinaeleza kwa nini mkondo haukujali. Sauti ndani ya maji husafiri kama mita 1,480 kwa sekunde. Umeme wa hezi 50 hupasha moto mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo mpigo wa joto na wa nguvu ni hezi 100, na wimbi la sauti la hezi 100 majini lina urefu wa karibu mita 15. Huwezi kulikunja likae kwenye pengo la sentimita moja. Vikombe vyenyewe? Kimoja ukikigonga kikiwa kimening'inia hewani kinalia kwa zaidi ya hezi 800. Ukikizamisha sauti inashuka sana kwa sababu kinabeba na uzito wa maji, lakini bado ni mamia ya hezi. Hakuna kati ya hivyo kinachosubiri 50 wala 100.

Wengine huhamia kwenye resonansi ya umeme: vikombe viwili ni kapasita, kifaa kinachotunza chaji ya umeme, wanasema. Ni kweli, ila kapasita gani? Kwa vipimo hivi ni nanofaradi 0.6 hivi, na kwa hezi 50 kizuizi chake ni karibu omu milioni 5. Pembeni yake, sambamba nayo, kuna maji yenye upinzani wa omu 57. Mkondo wote unapita kwenye maji, na ule wa kapasita ni sehemu ndogo mno isiyoonekana kwenye klampu yoyote. Ukitaka kapasita hiyo ilingane na hezi 50 unahitaji koili ya henri elfu kumi na sita. Hakuna koili kama hiyo mezani kwa mtu. Tena kipimo cha pawa fakta, kinachoonyesha kama mkondo na volti vinakwenda pamoja, kilibaki 1 kwenye kila pengo tuliloweka, na hiyo ni tabia ya upinzani mtupu.

Jaribio lililomgusa fundi zaidi halikuwa na hesabu hata moja. Tulimwaga maji ya bomba, tukaosha vikombe, tukatia maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Vikombe vilevile, pengo lilelile, umeme uleule. Kimya. Klampu ilionyesha sifuri na vipande vya desimali, na baada ya dakika kumi maji yalikuwa yamepanda kiasi cha kubishaniwa. Kama umbo la vikombe na mapigo ya umeme ndivyo vinavyozaa joto, maji safi yana kosa gani? Halafu akatia chumvi, kidogo tu kati ya vidole viwili, akawasha. Vikombe vilinguruma mara moja, fyuzi ikakatika.

Hapo ndipo jina sahihi la kifaa linapojitokeza. Ni boila ya elektrodi, yaani hita inayopitisha umeme ndani ya maji yenyewe kati ya vipande vya chuma, na si kitu cha ajabu wala kipya. Viwanda hutumia boila za aina hii zenye nguvu ya megawati kadhaa, zikidhibitiwa kwa kiasi cha chumvi na kina cha maji. Wanajeshi na wanafunzi wa Umoja wa Kisovyeti walichemsha chai kwa nyembe mbili zilizotenganishwa na njiti za kibiriti, na hakuna aliyewahi kuzilinganisha nyembe hizo na noti yoyote ya muziki. James Prescott Joule alichapisha mwaka 1841 kwamba joto linalotokana na mkondo hufuata mraba wa mkondo ukizidishwa na upinzani. Vikombe vya fundi vinaifuata sheria hiyo kwa utiifu kuliko hita ya koili dukani, kwa sababu maji ndiyo upinzani na joto halina pa kupita kabla ya kuyafikia.

Aliniuliza, na ni swali zuri, mbona basi pampu za joto hutoa joto mara tatu ya umeme zinaoutumia, na hakuna anayezishangaa. Zinafanya hivyo kwa kuhamisha joto lililopo nje na kulileta ndani, na ukiigusa sehemu yake ya nje utaikuta imepoa. Chombo chetu kilikuwa kimefungwa kwenye sponji. Kama kilojuli 163 za ziada zilitoka mahali, kuna kitu kingepaswa kupoa.

Kuhusu kukitumia, sina shauku. Baada ya majaribio kikombe cha ndani kilikuwa na madoa ya kahawia na uso wake umeanza kukwaruza kidole, na maji yalikuwa na rangi hafifu kama ya chai iliyotupwa. Chuma cha pua kina kromi na nikeli, na elektrodi inayoliwa hutoa vitu hivyo majini. Palipo na chumvi, klorini nayo hutokea. Maji hayo si ya kunywa wala kupikia. Ya kuogea ningeyakataa kwa sababu ya umeme kabla hata ya kufika kwenye metali.

Kilichobaki ni ule mvumo, ambao fundi bado anaupenda na hataki uitwe bure. Si bure. Nguvu ya joto inapigapiga mara 100 kwa sekunde, mapovu yanazaliwa na kupasuka kwa mdundo huo, na skrubu iliyolegea kidogo inaukuza mtikisiko. Tulichofanya ni kuukata: tukavifunga vikombe kwa mpira mzito ukingoni na kukaza skrubu kwa washa za mpira, mpaka sauti ikawa ya kuinamia ndipo uisikie. Pengo halikuguswa. Klampu ilianza tena kwenye ampia 4.0, ikapanda ngazi zilezile, na lita moja na nusu ikafika nyuzi 94 kwa muda uleule na uniti 0.129 zilezile.